Yule wa Pili wa Kata ya Vesimaa

Ukutani mwa ukumbi wetu wa kata, kati ya jiko la kuni na mlango wa choo, kuna ramani iliyobandikwa kabla sijaolewa. Ni ramani ya jimbo letu la uchaguzi, lile linalopeleka mtu mmoja Bungeni kule Washington. Kila baada ya miaka kumi, watu wakishahesabiwa, wakubwa huchora mipaka upya, na mtu mmoja wa kata hupanda juu ya kiti akauweka mpaka mpya kwa penseli ya rangi. Mstari wa bluu ni wa siku ambazo mume wangu Arvo alikuwa bado na nywele. Wa kijani ulitutenga na binamu zetu wa ng'ambo ya mto. Wa rangi ya chungwa ukaturudishia. Mimi nimeishi nyumba moja tangu mwaka 1963, na bado nimehamishwa mara tatu bila kuinua hata kijiko.

Jirani yangu Rozi Strukel husema jimbo limekaa kama kulungu aliyeinama kunywa maji ya Ziwa Kuu. Mimi naona buti lililovuliwa na kuachwa mlangoni. Upande mmoja ziwa, katikati vilima vyekundu vya chuma, kisha misitu na mabwawa, kisha mashamba ya viazi, na ukianza safari upande mmoja baada ya staftahi utafika upande wa pili taa za chakula cha jioni zikiwashwa. Kata yetu ya Vesimaa iko kwenye kisigino cha buti. Ukimsikiliza Rozi, iko chini ya mkia.

Chini ya ramani kuna msumari, na kwenye msumari zimening'inia glovu mbili za ngozi. Ni za Mheshimiwa Brekke. Huyo alikuwa mbunge wetu, Mdemokrati na mtoto wa mchimba chuma, na mwaka 1990 alifika hapa ukumbini, akala bakuli mbili za supu ya samaki, akasahau glovu zake. Wagombea hawafiki huku siku hizi, kwa sababu sisi ni watu mia moja na arobaini na barabara ni mbaya. Brekke alipokuja kushindwa, miaka mingi baadaye, alituandikia barua kwa mkono akishukuru kwa zile kura arobaini tulizompa. Glovu hakuziulizia.

Nilikaa kwenye meza ya kupigia kura kwa miaka thelathini na minne, na miaka yote hiyo Rozi alikaa kando yangu. Mimi ni Mdemokrati, yeye ni Mrepublikan. Hivyo ndivyo ilivyo sheria huku Minnesota: meza lazima iwe na watu wa vyama vyote viwili, na kila jambo zito hufanywa na wawili. Mzee akishindwa kushuka garini, tunamwendea wawili. Asiyeona vizuri, tunamsomea wawili. Sanduku likipelekwa makao ya wilaya, maili hamsini na nane, linakaa kiti cha nyuma limefungwa mkanda kama mtoto, na mbele yake tumekaa mmoja wa kila chama, tukibishana juu ya kodi na juu ya nani aliweka chumvi nyingi kwenye viazi.

Nilipoanza, mwaka 1988, mgodi ulikuwa unafanya kazi na chama cha wafanyakazi kilikuwa na nguvu. Tulihesabu kwa mkono, kama tunavyohesabu mpaka leo. Chama changu kilipata kura mia moja na kumi na mbili. Cha Rozi kilipata tisa. Ni mimi niliyekwenda nyumbani kwake mwaka ule kumbembeleza akae mezani, kwa maana Mrepublikan mwingine hakupatikana. Nilimpelekea mkate wa iliki. Alinifungulia mlango akasema, "Kumbe mkikwama ndio mnatukumbuka," kisha akaupokea mkate.

Halafu mgodi ukafungwa. Vijana wakaondoka, wazee wakafa, na waliobaki wakagombana juu ya mgodi mpya ambao mpaka leo haujachimbwa. Lundo la kura zangu likapungua mbele ya macho yangu, karatasi kwa karatasi. Sitini na moja. Arobaini. Kumi na saba. Sita. Katika chaguzi nne za mwisho zilikuwa mbili. Moja najua ni ya nani.

"Na yule wa pili," Rozi alikuwa akisema kila tukimaliza kuhesabu, "nikimjua nitampikia. Maskini, lazima ana upweke."

"Hana upweke. Ananijua mimi."

"Ndiyo maana nasema maskini."

Sasa nije kwenye kosa langu. Novemba ya mwaka 2022 macho yangu yalikuwa yameanza kuwa na doa katikati, kama mtu aliyebandika kidole kwenye kioo cha dirisha. Sikumwambia mtu. Tukawa tunagawanya karatasi, kulia na kushoto, na moja nikaiweka kulia, kwenye lundo refu la Rozi. Mkono wake ukaja taratibu ukaichukua, akaitazama, akaisogeza kushoto. Hakunitazama. Akaendelea kugawanya na kuvuma wimbo wake wa kanisani. Ilikuwa moja ya zile kura mbili za chama changu. Angeiacha pale, hakuna ambaye angejua.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa kwenye sauna yangu, kile chumba cha kuogea mvuke, kama kila Jumamosi. Nikamwaga maji kwenye mawe.

"Uliona," nikamwambia.

"Niliona nini?"

"Ile karatasi."

"Mimi huona karatasi nyingi."

"Rozi."

Akajifuta uso kwa taulo, akakawia kuishusha. "Ilikuwa moja tu, Helmi."

"Nina mbili tu. Moja ni nusu."

Hapo akacheka, nami nikacheka, kisha nikalia kidogo, ambalo ni jambo rahisi kwenye sauna kwa kuwa kila mtu uso wake umelowa. Nikamwambia kwamba sitakaa tena mezani.

"Basi meza yetu itafungwa," akasema.

Ndivyo alivyosema karani wetu pia. Joleen ni mwanamke mpole wa miaka kama arobaini, anaendesha basi la shule asubuhi na kushika vitabu vya kata jioni. Alinieleza akiwa ameshika mkono wangu. Pasipo mtu wa chama cha pili hakuna meza, na pasipo meza itabidi watu wapige kura kwa posta. Na baraza la kata lilikwisha kusema kwamba ukumbi usiopigiwa kura hautanunuliwa kuni. Utauzwa kwa mtu wa mjini anayetaka mahali pa kuweka mashua yake. Uamuzi ungetolewa Machi, kwenye mkutano wa mwaka wa kata.

Nilifikiria ule ukumbi. Harusi yangu ilikuwa mle. Matanga ya Arvo yalikuwa mle. Na mara moja kila miaka miwili, watu wasiosalimiana barabarani husimama mle kwenye foleni moja, wakipigapiga miguu kudondosha theluji, na aliye mbele humshikia mlango aliye nyuma. Posta haiwezi kumfanyia mtu hivyo.

Rozi hakupoteza muda kwa kufikiri. Alioka potica, ule mkate wake wa kukunja wenye jozi na asali, akaoka mwingine na mwingine, akaanza kupita nyumba kwa nyumba katika theluji ya Februari, Mrepublikan wa miaka sabini na tisa, akitafuta Mdemokrati.

Alikwenda hata kwa Duane Pelkey. Duane alikuwa dereva wa malori mgodini, na uani kwake kuna bendera ya mgombea wake pana kama shuka la kitanda cha watu wawili. Rozi alinisimulia mwenyewe.

"Nikamwambia, Duane, sema kweli, ni wewe?"

"Niwe nani?"

"Yule wa pili."

"Rozi, unakuja kunitukana kwangu, na mkate mkononi?"

"Mkate ni wa jibu zuri."

"Jibu ni hapana. Nikatie kipande." Akala vitatu. Kisha akauliza, "Helmi macho yake ni mabaya kiasi gani?" Asubuhi ya pili nikakuta njia yangu imesafishwa theluji mpaka mlangoni, na ikawa hivyo majira yote ya baridi, na sikuona mtu.

Siku mbili kabla ya mkutano nilikuwa jikoni kwa Rozi. Mumewe, Lud, alikuwa kando ya jiko akishona nyavu zake za samaki. Lud alichimba chuma miaka thelathini na moja, na katika miaka hiyo na iliyofuata sijui kama nimemsikia akisema maneno mia tatu. Rozi aliingia akatupa kofia mezani.

"Nyumba thelathini na moja! Nimemaliza jozi za mwaka mzima. Wote wanakataa."

"Ni haki yao," nikasema. "Kura ni siri. Tumeapa, mimi na wewe."

"Sijauliza mtu kapigaje. Nimeuliza kama anaweza kukaa kwenye kiti."

"Umeuliza 'ni wewe?'"

"Hilo ni swali lile lile, ila fupi." Akakaa. Akavua kiatu kimoja akakiangalia kana kwamba nacho kinaficha kitu. "Basi nitakuwa mimi."

"Utakuwa nini?"

"Mdemokrati. Nitaandika kwenye fomu. Mkono hautaanguka. Chama changu kina watu tisini wa kukaa kwenye kiti changu."

Nilitaka kucheka, lakini nikaona amekikumbatia kile kiatu kifuani. Baba yake alikuwa na duka dogo, aliichukia migomo ya wachimbaji mpaka siku ya kufa, na Rozi hajawahi kwenda kinyume na baba yake hata katika aina ya sabuni.

"Hapana, Rozi," nikamwambia. "Mbele ya sanduku hatusemi uongo. Hata huo wa huruma."

Rozi akakivaa kiatu tena. Lud aliweka nyavu chini, akavaa koti, akatoka nje kupasua kuni. Nilishangaa, kwa sababu sanduku la kuni lilikuwa limejaa.

Jumanne ya mkutano theluji ilikuwa inaanguka kwa vipande vikubwa. Ukumbi ulijaa. Palikuwa na supu ya samaki na viazi, na kahawa katika lile birika kubwa linalopiga kelele. Tulipitisha kwa kunyoosha mikono bei ya changarawe na mshahara wa mtu wa kusukuma theluji. Kisha Joleen akasimama, akasoma jambo la meza, na mwishoni akakunja karatasi.

"Nauliza mara moja, halafu tunaamua. Kuna mtu wa chama cha Helmi atakayekaa mahali pake?"

Hakuna aliyesimama. Birika likagugumia. Nilitazama magoti yangu, maana sikutaka mtu yeyote ajione anatazamwa. Kisha nikasikia kiti kikisogea nyuma yangu.

"Mimi," akasema Lud.

Rozi aligeuka. "Wewe nini?"

"Yule wa pili. Ni mimi."

Hakuna aliyecheka. Hata Duane aliacha kijiko chake hewani.

"Kwa miaka mingapi?" Rozi akauliza, sauti yake ndogo.

"Yote."

"Yote! Hata baba alipokuwa hai? Ulikaa mezani kwake kila Jumapili, ukala nyama yake, ukaitikia kila neno alilosema juu ya wachimbaji?"

"Sikuitikia. Nilikuwa natafuna." Lud akafikiri kidogo. "Nyama ilikuwa nzuri."

Hapo ukumbi mzima ukapasuka kwa kicheko, na Rozi peke yake hakucheka. Macho yake yalikuwa yamekwenda ukutani, chini ya ramani.

"Zile glovu," akasema.

"Mafuta kidogo tu. Kila vuli. Ngozi hukauka."

Miaka thelathini na zaidi nilikuwa nikizigusa zile glovu nikipita, nikishangaa kwamba bado ni laini, na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Na nikakumbuka jambo jingine. Kila siku ya uchaguzi, saa kumi na moja alfajiri, ni Lud aliyetangulia ukumbini kuwasha jiko, ili mkewe asihesabu kwa vidole vilivyoganda. Alimwashia moto ahesabu kura tisini dhidi ya yake.

Joleen alikohoa. Alikuwa amefungua kitabu cha sheria na uso wake ulikuwa mwekundu. "Samahanini. Kuna kifungu. Mume na mke hawaruhusiwi kukaa meza moja. Lud akiingia, Rozi anatoka."

Nikamshika Rozi mkono. Ulikuwa baridi. Mimi nilikuwa nimeondolewa na macho yangu, lakini yeye macho yake yalikuwa ya mwewe, na ile meza aliipenda kuliko vitu vyote isipokuwa Mungu na huyu mzee asiyesema. Lud alibaki amesimama. Hakumshawishi. Alimngojea tu, kama alivyozoea.

Rozi akajipangusa pua.

"Joleen, andika. Strukel, Ludvik. Halafu futa Strukel, Rosemarie." Akageuka kama mwalimu anayemtafuta aliyepiga mluzi. "Na wewe, Duane Pelkey! Miaka yote unalalamika kwamba kura zinaibwa. Njoo uzihesabu wewe mwenyewe, uone usingizi wako utakavyokuwa mtamu."

"Mimi? Na Lud?"

"Wewe na Lud. Na sanduku utalifunga mkanda."

Tulipiga kura kwa mikono. Ukumbi ukabaki.

Sitasema kwamba mambo yalikuwa mepesi baada ya hapo. Kwa wiki nzima Rozi alimwekea Lud chakula mezani bila kumwambia "karibu". Jumamosi kwenye sauna akaniambia, "Nimeolewa miaka hamsini na miwili na mtu nisiyemjua."

"Unamjua. Ni yule aliyekuwa anawasha jiko."

Akamwaga maji kwenye mawe, mengi mno, tukabaki tunakohoa wote wawili. Juma lililofuata akaniambia kwamba sasa wanabishana kila jioni, na kwamba Lud akianza ni mkaidi ajabu, ana miaka hamsini ya majibu aliyoyaweka akiba. Alikuwa analalamika, lakini nilimwona amepaka rangi ya midomo.

Novemba ya mwaka jana nilikuwa wa kwanza mlangoni, saa moja asubuhi. Jiko lilikuwa linawaka. Lud alikuwa amevaa tai. Kando yake Duane alikuwa amevua kofia yake yenye jina la mgombea, kwa maana kofia za wagombea haziruhusiwi ndani, na nywele zake alikuwa amezichana kwa maji.

"Jina, tafadhali," akasema Lud.

"Niskala, Helmi," nikasema, na nikafurahi kwamba ameuliza. Ndivyo nilivyomuuliza yeye mara zote, ingawa tulikuwa tumekula pamoja jana yake.

Nikatia saini mahali aliponionyesha kwa kidole. Kisha nikasema lile ambalo sikuwahi kudhani ningelisema upande huu wa meza. "Siwezi kuisoma."

Wakainuka wote wawili, viti vikakwaruza sakafu kwa pamoja. Mmoja akashika kiwiko cha kulia, mwingine cha kushoto. Kwenye kile kibanda cha mbao tulibanana kama samaki kwenye mkebe. Duane akavaa miwani, akasoma majina ya wanaogombea ubunge, polepole, kila jina kwa sauti moja, la mtu wangu na la mtu wake, hakuongeza wala hakupunguza. Huyo mtu wangu, Duane alikuwa amemlaani uani kwake majira yote ya joto; nilikuwa namsikia mpaka kwangu.

"La pili," nikasema.

"Hili?"

"Hilo."

Akainama na kalamu. Mimi sioni katikati, lakini pembeni naona, na niliona lile kono lake la kuendeshea malori likijaza kiduara kidogo, ulimi umetoka kidogo kwenye kona ya mdomo, akijihadhari asivuke mstari. Lud aliangalia mpaka mwisho, akatikisa kichwa kukubali. Nikaikunja karatasi mwenyewe, nikaitumbukiza.

Nyuma yangu Rozi alikuwa amefika mezani.

"Jina, tafadhali," akasema Lud.

"Jina langu unalijua. Nimekufulia soksi tangu enzi za Rais Nixon."

"Jina, tafadhali. Na anwani."

Foleni ilikuwa imefika mlangoni, na mlango ulikuwa umeshikiliwa wazi na mtu kwa ajili ya mtu mwingine, baridi yote ikiingia. Rozi alimtazama mumewe kwa muda. Kisha akanyoosha mgongo, akataja jina lake lote, na la baba yake katikati, na namba ya nyumba yao, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye ramani. Akatia saini. Na kabla ya kupokea karatasi yake aliinama juu ya meza, akainyoosha tai ya Lud iliyokuwa imekaa upande.